Seva Hupangwa kwa Siku Usiyokuwepo: Mafunzo Tisa Niliyopata

Jumamosi ya tarehe 17 Februari 2024 nilikuwa Malindi, harusini kwa binamu yangu. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, na huku pwani kila mtu huwa na haraka ya kumaliza harusi yake kabla mfungo haujaingia. Simu nilikuwa nimeizima tangu Ijumaa jioni. Nilipoiwasha Jumapili baada ya sala ya alfajiri, ilitetemeka mkononi mpaka nikadhani imeharibika. Seva yetu ndogo ya wanachama 63 ilikuwa imepata akaunti mpya zaidi ya 200, zote zenye majina yasiyosomeka, na zote zikiwarushia taka ileile watu wasiotujua wala tusiowajua.

Seva hiyo niliianzisha Novemba 2022, wiki chache baada ya Elon Musk kuinunua Twitter. Sisi ni watu wa lugha: wafasiri, walimu wa Kiswahili, washairi na wengine ambao hawana kazi ya lugha ila wanaipenda. Tulikuwa na grupu la WhatsApp ambamo mjadala mzuri wa jana asubuhi, kufika jioni umeshafunikwa na picha za maua. Mmoja wetu akataja Mastodon, programu huria iliyoanzishwa na Eugen Rochko wa Ujerumani mwaka 2016. Yeyote aweza kuiweka kwenye seva yake akawa na mtandao wake wa kijamii, na mtandao huo ukazungumza na maelfu ya seva nyingine kupitia itifaki iitwayo ActivityPub, kama vile mwenye barua pepe ya kampuni moja anavyoandikiana na mwenye barua pepe ya kampuni nyingine. Mimi hutengeneza tovuti za maduka na shule hapa Mombasa, basi macho yote yakanigeukia.

Kuisakinisha kulichukua wikendi moja. Mipangilio yake imenichukua miaka. Mwanzoni nilikuwa nikiuliza, kisanduku hiki kiwekwe alama au kisiwekwe? Siku hizi nauliza: kisanduku hiki kitafanya nini siku ambayo mimi sipo?

1. Hodi si kuingia

Kwenye mipangilio ya usajili kuna njia tatu: mlango wazi, mlango wa idhini, au mlango uliofungwa. Mimi niliuacha wazi. Nilijiambia kwamba Mswahili hafungii watu nje. Nilichosahau ni kuwa kwetu mtu hupiga hodi, akangoja aambiwe karibu. Mlango wa idhini ndio hodi yenyewe: mgeni anajaza fomu, msimamizi anaisoma, kisha anamkaribisha.

Taka za Februari ile zilizitafuta hasa seva ndogo kama yetu, zenye mlango wazi na mwenyewe hayupo. Akaunti nilizifuta zote kufika adhuhuri, lakini jina letu lilikuwa limeshachafuka. Seva kadhaa za mbali zilikuwa zimetufungia nje sote, pamoja na wanachama 63 wasio na kosa. Mchuma janga hula na wa kwao. Nilikaa wiki tatu nikiandika barua za kuomba radhi kwa wasimamizi wa seva nyingine, mmoja baada ya mwingine.

Watengenezaji wa Mastodon nao walijifunza. Toleo la 4.2.8, lililotoka mwezi uleule, lilifunga usajili kwa kila seva mpya mpaka mwenyewe aufungue. Liliongeza jambo la pili pia: seva yenye mlango wazi ikipita wiki bila msimamizi kuonekana, inahamia yenyewe kwenye idhini.

Fomu ya idhini ina swali la kwa nini unataka kujiunga. Kwenye maelezo ya usajili tumeongeza letu: tuambie neno moja la kwenu ambalo wenzio wa mbali hawalijui. Bwana mmoja wa Lubumbashi alituletea «bintu», ambavyo kwetu ni vitu. Mama mmoja aliyeko Muscat aliandika nusu ukurasa juu ya jina la chombo cha jikoni alilolisikia kwa bibi yake aliyezaliwa Unguja. Tuliyemkaribisha kwa njia hiyo anaingia akiwa ameshaanza mazungumzo.

2. Mstari usio na toba

Kwenye faili ya mipangilio, `.env.production`, karibu kila mstari unaweza kurekebishwa kesho. Mstari wa `LOCAL_DOMAIN` haurekebishiki. Hapo ndipo unapoandika jina la kikoa, na jina hilo linakuwa mkia wa jina la kila mwanachama. Seva nyingine zikishakujua kwa jina hilo, kulibadilisha ni kuanza upya, kwani wafuasi na majibu yote yameshikamana na jina la zamani.

Nilikaribia kuchukua jina la .ml kwa sababu lilikuwa likitolewa bure. Aliyenizuia ni mkubwa wetu kwa umri, mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye sote twamwita Mwalimu. Aliuliza swali moja tu kwenye grupu: «Na hizo herufi ni za nani?» Ni za nchi ya Mali. Julai 2023 usimamizi wa herufi hizo ulirudi kwa serikali ya Mali, na fmhy.ml, seva ya jamii iliyokuwa na watu wengi kuliko sisi, ikapoteza jina lake. Februari 2024 ikafuata queer.af, kwa kuwa .af ni ya Afghanistan na Taliban ndio wenye kuishika.

Tulilipia jina la .ke. Hata hivyo nusura nilipoteze mwaka wa pili, kwani barua za kunikumbusha kulipa zilikuwa zikienda kwenye anwani ya kazi niliyokuwa nimeacha kuisoma. Sasa ukumbusho unakwenda kwa watu watatu.

3. Barua isiyofika ni mlango uliofungwa kimya

Anayejisajili hutumiwa barua pepe yenye kiungo cha kuthibitisha. Mwalimu alikuwa wa kwanza kujisajili siku tuliyofungua. Siku ya nne alinipigia simu. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akanyamaza kidogo, halafu akasema: «Mwanangu, kama hamnitaki semeni tu. Mimi si mtu wa kubembeleza milango.»

Nilishikwa na haya. Barua yake ilikuwa haijatoka hata siku moja. Kampuni nyingi za kukodisha seva huziba bandari namba 25, ile ya kutuma barua, ili wapangaji wao wasisambaze taka, na mimi nilikuwa nimeielekeza programu huko huko. Kazi za Mastodon za chinichini hupangwa kwenye foleni na programu iitwayo Sidekiq. Nilipofungua ukurasa wake nikakuta foleni ya barua imejaa majaribio yaliyoshindwa, la Mwalimu likiwa juu kabisa.

Nilihamia kwenye huduma ya kutuma barua kupitia bandari 587. Barua zikatoka, lakini zikatua kwenye sanduku la taka, mpaka nilipoongeza kwenye rekodi za kikoa mistari ya SPF na DKIM inayothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli. Kabla ya kumkaribisha mtu yeyote, jisajili mwenyewe kwa anwani tatu za kampuni tatu tofauti, uone ni ipi inayokaa kimya.

4. Picha za watu wengine zitakula diski yako

Nilikodisha seva yenye diski ya gigabaiti 80 nikaona ni uwanja wa mpira. Watu 63 wataandika nini cha kuijaza? Sikuelewa kwamba mwanachama mmoja akimfuata mpiga picha wa Berlin, seva yetu inachukua nakala ya kila picha ya mpiga picha huyo. Walionijazia diski walikuwa watu ambao hawajawahi kusikia jina letu. Diski ilijaa saa nane za usiku, na ikijaa, hifadhidata ya PostgreSQL haiwezi kuandika chochote. Asubuhi wanachama walikuta ukurasa wa kosa.

Dawa yake iko kwenye mipangilio ya utunzaji wa maudhui. Mstari wa kwanza unauliza nakala za picha na video za kutoka nje zikae siku ngapi. Weka 7. Mtu akiifungua picha ya zamani, seva itaifuata tena ilikotoka. Ukitaka kusafisha palepale, kuna amri ya `tootctl media remove`.

Chini yake kuna mstari mwingine unaofanana na huo kama pacha, nao unahusu machapisho yenyewe ya kutoka nje. Huo uache mtupu. Mimi nilijaza 30, nikajiona mjanja wa kubana nafasi. Mpangilio huo hufuta hata machapisho ambayo wanachama wako wameyahifadhi, na hata ujumbe wa faragha walioandikiana na watu wa seva nyingine, na hayarudi. Mwalimu alikuwa amehifadhi mjadala mrefu juu ya vina vya mashairi, akiukusanya kwa ajili ya kitabu. Aliponiuliza uko wapi, nilikuwa na jibu, ila sikuwa na namna ya kulisema.

5. Nakala rudufu ambayo hujaijaribu ni matumaini

Kila usiku saa tisa seva yetu ilikuwa ikitengeneza nakala ya hifadhidata kwa `pg_dump` na kuituma kwenye kompyuta nyingine. Nilijivunia sana. Baada ya diski kujaa nikaamua kufanya zoezi: nikodishe seva tupu kwa siku moja, nirudishe kila kitu kutoka kwenye nakala. Faili za siku kumi na moja zilizotangulia zilikuwa na ukubwa wa sifuri. Diski ilipokaribia kujaa, nafasi ya kuandikia nakala ndiyo iliyokosekana kwanza, na kila usiku seva ilituma faili tupu kwa uaminifu mkubwa.

Zoezi likafichua la pili. Nilipopata nakala nzima ya mwezi uliotangulia, hifadhidata ilirudi, ila wanachama waliotumia uthibitisho wa hatua mbili hawakuweza kuingia. Siri zinazofungua namba zao hazikai ndani ya hifadhidata. Zimo kwenye `.env.production`, faili ambayo sikuwa nimeitunza popote. Kwa hiyo vitu vya kutunza ni vinne: hifadhidata, faili hiyo ya siri, picha walizopakia wanachama wenyewe, na kumbukumbu za Redis zinazoshika foleni. Picha za watu wa nje ziache, zitafuatwa tena. Siku hizi zoezi hilo nalifanya mara mbili kwa mwaka, na hati inayoongoza hatua zake imeandikwa kwa Kiswahili ili asiye mimi aweze kuifuata.

6. Uwe na mahali pa kusemea nje ya seva

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ikasuasua. Seva yetu iko Ujerumani. Ilikuwa nzima kabisa, na yule mama wa Muscat aliandika kama kawaida, akishangaa kwa nini Mombasa na Tanga wote wamelala. Sisi huku tulikuwa tukitazama ukurasa usiofunguka. Waliodhani nimezima seva walikuwa wengi kuliko waliodhani kebo imekatika. Tokea hapo kila mwanachama mpya anapewa namba moja ya kuuliza kwa ujumbe wa kawaida wa simu: seva iko hai?

7. Kichujio cha matusi hakisomi mafumbo

Niliandaa orodha ya maneno ya matusi, ya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, niyatumie kuchuja. Kwa miezi sita sikuona tusi hata moja, nikajipongeza. Kumbe vita vilikuwa vinaendelea mbele ya macho yangu.

Wanachama wawili, wafasiri wote, walikuwa wamegombania kazi moja. Mmoja akapachika picha ya kanga mpya, imekunjuliwa vizuri, maandishi yanasomeka. Ni kanga ambayo yeyote angeinunua Biashara Street hapa Mombasa bila kuwaza mara mbili. Kufika magharibi imependwa na watu ishirini. Kesho yake wa pili akapachika kanga yake. Siku ya tatu yakaja mashairi. Hakuna neno lililokatazwa, hakuna jina lililotajwa, na nusu ya seva walikuwa wanajua nani anapashwa. Mimi nilikuwa nazipenda zile picha. Ni mke wangu aliyechungulia begani kwangu akasema, «Ee! Hawa hawasemezani tena?»

Mastodon inampa msimamizi ngazi kadhaa. Dhidi ya mtu mmoja aweza kuonya, kupunguza mwonekano wa akaunti au kuifungia. Dhidi ya seva nzima ya nje aweza kuipunguza, kukataa picha zake au kuikata kabisa. Ngazi zote hizo zinamtaka mtu wa kuamua, na mtu huyo lazima awe anaijua lugha kiasi cha kusikia kisichosemwa. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuamini kwamba jamii yetu inahitaji seva yake. Msimamizi aliyeko California akiletewa malalamiko juu ya picha ya kanga atajibu kwamba haoni kosa, na kwa kipimo chake atakuwa amesema kweli.

Tukaandika upya kanuni za seva, zile ambazo mgeni huonyeshwa kabla ya kujisajili. Kanuni ya tatu inasema: mwenye neno na mwenzake amwambie mwenzake. Mafumbo ya kisanaa ruhusa, ya kumlenga mwanachama marufuku, na anayeulizwa kama alimlenga mtu ajibu kwa lugha nyepesi. Wale wawili walipatanishwa kwa simu na Mwalimu, kwa muda wa saa nzima. Hakuna kitufe cha kazi hiyo.

8. Usichokiweka hakichukuliwi

Watu huona ujumbe wa faragha wakadhani umefungwa. Kwenye Mastodon haukufichwa kwa msimbo kati ya mwandikaji na mwandikiwa, na mwenye seva akitaka kuusoma kwenye hifadhidata aweza. Mei 2023, huko Marekani, maafisa wa FBI walipekua nyumba ya mmoja wa wasimamizi wa kolektiva.social kwa jambo lisiloihusu seva hiyo, wakaondoka na vifaa vyake. Kimojawapo kilikuwa na nakala ya hifadhidata ya seva, na haikuwa imesimbwa.

Niliposoma habari hiyo nilitazama kompyuta yangu iliyokuwa mezani, iliyokuwa na nakala tatu. Usiku uleule nikazisimba zote kwa msimbo. Kisha nikapunguza `IP_RETENTION_PERIOD`, muda wa kutunza anwani za intaneti ambazo wanachama wameingilia, unaokuja ukiwa umewekwa mwaka mzima. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, nayo inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja. Juu ya ukurasa wa faragha tumeandika kwa herufi nene: usiandike humu jambo ambalo usingeliandika kwenye postikadi.

9. Mpe mtu ufunguo wa pili, na umwache autumie

Tarehe 1 Februari 2024 watengenezaji wa Mastodon walitoa toleo la 4.2.5, kuziba tundu lililomwezesha mtu kujifanya mwenye akaunti ya mbali na kuitwaa. Maelezo ya tundu lenyewe waliyazuia kwa wiki mbili ili wasimamizi wapate nafasi ya kusasisha. Mimi nilisasisha ndani ya saa moja kwa sababu nilikuwa nimekaa mezani. Kama lingetoka wiki ya harusi?

Tangu 2019 mradi wa Mastodon una mkataba wa seva inazozipendekeza kwa wageni, na mambo unayoyataka ni machache: nakala rudufu kila siku, usimamizi wa kweli dhidi ya ubaguzi, taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga, na angalau mtu mmoja zaidi mwenye uwezo wa kuifikia mitambo kwa dharura. Hilo la mwisho nililipuuza muda mrefu kuliko yote. Nilijidai nalinda usalama. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu anayeulizwa.

Leo funguo za mitambo ziko kwa kijana wa Tanga anayeelewa seva kunizidi, na jukumu la usimamizi, ambalo Mastodon hukuruhusu kulikata vipande na kumpa kila mtu kiasi chake, liko kwa watu wanne. Kupokea hodi ni kazi ya Mwalimu. Aliiomba mwenyewe. Alisema anajua ilivyo kungoja nje.

Mwaka jana baba mkwe wangu alifariki, tukaenda Lamu kuzika, na matanga yakatuweka siku saba. Simu niliizima tena. Niliporudi sikufungua kitu chochote mpaka nilipokunywa chai. Kulikuwa na sasisho moja, limeshafanyika. Diski ilikuwa nusu. Hodi zilikuwa tano: nne zimepokewa na moja imerudishwa, na pembeni yake Mwalimu ameandika kwa nini. «Neno alilotuletea limo kamusini. Nimemwambia aulize nyumbani kwao, kisha aje.»

Siku mbili baadaye mtu huyo alibisha tena, safari hii na neno la bibi yake.